BEI YA KIMOJA: Hesabu Imfaayo Kila Mwenye Kuuza na Kununua

Kila mwaka wakati wa mavuno, watu wa Kaliua na jirani zao wa Urambo na Sikonge hutoa mali zao kwenda kuuza: mahindi, karanga, mpunga, tumbaku na asali. Maneno ni mengi siku hizo. Mmoja asema ameuza gunia kwa bei nzuri, mwingine ajuta kwamba mwenzake amempita, na wa tatu anyamaza tu, maana hajui kama amepata au amepunjwa. Ukiwauliza wote watatu, "Je, kilo moja ilikupa shilingi ngapi?" mara nyingi hutapata jibu.

Basi leo twataka kueleza hesabu ambayo ikijulikana, swali hilo halitakosa jibu. Si hesabu ya wataalamu. Mtoto aliyekwisha fundishwa kugawanya aiweza, na mzee asiyeshika kalamu aweza kuifanya kichwani. Twaiita hesabu ya kimoja.

MAANA YAKE

Vitu viwili vya namna mbalimbali vikienda pamoja, kama fedha na kilo, au safari na saa, au mavuno na ekari, twaweza kuuliza: katika kimoja cha hiki, mna kiasi gani cha kile? Jibu ndilo kiasi cha kimoja.

Tutoe mfano wa karibu. Kaliua ndipo reli ya Mpanda inapoachana na reli ya Kigoma, na toka Kaliua hata Mpanda ni kilometa 210 hivi. Tuseme treni imekwenda safari hiyo kwa saa 7. Gawanya 210 kwa 7, utapata 30. Basi treni hiyo imekwenda kilometa 30 kwa saa. Ukiisha kujua hivyo, waweza kujua mengine bila shida: katika saa 3 imekwenda kilometa 90, na penye kilometa 150 itafika baada ya saa 5.

Wanafunzi wengi hukosea hapa kwa kutojua kipi kigawanywe na kipi kigawanye. Neno dogo "kwa" litawaongoza. Tukisema "kilometa kwa saa", kilichotangulia "kwa" ndicho kigawanywacho, na kinachofuata ndicho kigawanyacho. "Shilingi kwa kilo", gawanya shilingi kwa kilo. "Magunia kwa ekari", gawanya magunia kwa ekari. Mwalimu akiwazoeza watoto kusema maneno hayo kwa sauti kabla ya kuandika tarakimu, makosa yatapungua sana.

WAZEE WA NJIA YA MISAFARA WALIIJUA

Isidhaniwe kwamba hesabu hii ni ngeni katika nchi hii. Njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo ikaja Tabora, ikaendelea magharibi hata Ujiji, na Wanyamwezi ndio waliosifiwa kuliko wote kwa uchukuzi. Katika njia hiyo nguo ilikuwa ndiyo fedha. Chakula kilinunuliwa kwa nguo, na hongo ya wenye nchi ililipwa kwa nguo. Mkuu wa msafara aliyechukua nguo chache aliona njaa pasipo msaada, na aliyechukua nyingi mno alilipa wapagazi wa bure. Kwa hiyo kila mkuu wa msafara ilimpasa kujua mtu mmoja hula kiasi gani kwa siku moja.

Mwaka 1871 mwandishi wa gazeti, Henry Morton Stanley, alikuwa Unguja akijitayarisha kwenda bara kumtafuta Daktari Livingstone. Hakujua achukue nguo ngapi. Akawauliza wafanyi biashara Waarabu waliozoea safari za bara, nao wakampa kiasi kilichojulikana: watu 100 hutosheka kwa chakula cha doti 10 kila siku. Doti moja ni yadi 4, yaani mikono 8.

Tazama jinsi neno hilo fupi lilivyomfungulia mlango. Doti 10 kila siku, kwa siku 365, ni doti 3,650. Hiyo ndiyo hesabu ya mwaka mmoja, nayo aligawa katika namna tatu: doti 2,000 za merikani, doti 1,000 za kaniki, na doti 650 za nguo za rangi, kama vile barsati iliyopendwa sana Unyamwezi. Ukizijumlisha utaona ni 3,650 kamili. Kwa miaka miwili ilikuwa mara mbili yake, doti 7,300, ambazo ni yadi 29,200.

Sasa sisi tuipeleke hesabu hiyo mbele. Ikiwa doti 10 ni za watu 100, basi doti 1 ni ya watu 10 kwa siku. Tuseme msafara ni wa watu 60 nao watakaa njiani siku 90. Watu 60 watakula doti 6 kwa siku, na siku 90 mara 6 ni doti 540. Mkuu wa msafara asiyejua kusoma aliweza kuifanya hesabu hii kwa kupanga vijiti chini, wala asikose hata doti moja. Nguvu ya hesabu ya kimoja ni hiyo: ukijua kiasi cha mmoja, waweza kukipeleka kwa wengi wowote, na kwa siku zozote.

GUNIA SI KIPIMO

Tumetoka katika doti, sasa tuje katika kilo. Hasara iliyo kubwa vijijini hutokea kwa sababu watu huuza kwa gunia, nao hudhani kwamba gunia ni kipimo. Gunia ni chombo tu. Laweza kujazwa likashonwa mdomo, na laweza kushindiliwa, likaongezwa kipande cha gunia jingine au wavu juu yake, likawa na kilemba. Gunia hilo lenye kilemba ndilo watu waliitalo lumbesa.

Tuseme bei iliyotangazwa ni shilingi 70,000 kwa gunia la mahindi. Mtu wa kwanza ameuza gunia la kilo 100. Gawanya 70,000 kwa 100: amepata shilingi 700 kwa kilo. Mtu wa pili ameuza lumbesa ya kilo 140 kwa bei ile ile. Gawanya 70,000 kwa 140: amepata shilingi 500 kwa kilo. Wote wawili watarudi nyumbani wakisema, "Nimeuza gunia kwa elfu sabini," na jirani wataona wamekwenda sawa. Lakini wa pili ametoa kilo 40 bure katika kila gunia. Akiwa na magunia 10, ametoa kilo 400. Kwa bei ya shilingi 700 kilo hizo ni shilingi 280,000. Fedha hizo zingelipa sare na madaftari ya watoto wake, na zingebaki.

Sheria ya Vipimo ya Tanzania, Sura ya 340, pamoja na kanuni zake, haikubali gunia la mazao kupita kilo 100, na Wakala wa Vipimo ndio wenye kazi ya kulitazama jambo hilo na kukagua mizani. Lakini sheria haiwezi kusimama katika kila uwanja na kila ghala. Mwenye mali mwenyewe ndiye mlinzi wa kwanza. Akiuliza, "Bei ni shilingi ngapi kwa kilo?" na asikubali kujibiwa kwa gunia, kilemba hakina faida tena kwa mtu, kwa maana kila kilo itakayoongezwa italipwa.

Debe nalo ni vivyo hivyo. Wazee wetu walipima kwa kibaba, na vibaba 4 vilikuwa pishi moja, nao waligombana sana kama kibaba kipimwe kwa kufutwa juu au kwa kichele. Debe la leo lina ugomvi ule ule. Debe lililobonyezwa tumbo nje huchukua zaidi; lililojazwa kwa kichele huchukua zaidi tena. Dawa ni moja: lipime debe lenyewe penye mizani, ujue lina kilo ngapi, kisha ugawanye.

ASALI: LITA SI KILO

Nchi ya Tabora yasifiwa kwa asali yake, na katika asali mna mtego ambao wengi hawauoni. Mnunuzi mmoja hutaja bei kwa kilo, mwingine kwa lita, na muuzaji hudhani kwamba ni mamoja. Si mamoja hata kidogo. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, lakini asali ni nzito kuliko maji. Lita moja ya asali nzuri ina uzito wa kilo 1.4 hivi. Basi ndoo ya lita 20 ikijaa asali yapata kilo 28.

Tuseme mnunuzi wa kwanza asema, "Nitakupa shilingi 5,000 kwa kilo." Wa pili asema, "Mimi nitakupa shilingi 6,000 kwa lita." Mwenye haraka atamkimbilia wa pili, maana elfu sita ni zaidi ya elfu tano. Lakini fanya hesabu ya ndoo nzima. Wa kwanza atalipa kilo 28 mara 5,000, ndizo shilingi 140,000. Wa pili atalipa lita 20 mara 6,000, ndizo shilingi 120,000. Aliyetaja tarakimu kubwa ndiye mwenye bei ndogo, na tofauti ni shilingi 20,000 katika ndoo moja.

Twajifunza hapa kanuni ambayo yafaa kuandikwa ubaoni: usilinganishe bei mbili mpaka kipimo chao kiwe kimoja. Lita na lita, kilo na kilo, ekari na ekari. Ukiambiwa mavuno kwa hekta na wewe walima kwa ekari, kumbuka kwamba hekta moja ni ekari 2 na nusu kasoro kidogo.

TUMBAKU NA BEI YA WASTANI

Tumbaku huuzwa kwa madaraja, na kila daraja lina bei yake. Wakulima wengine hukumbuka bei ya daraja la juu tu, nao hujipigia hesabu kwayo mwaka mzima, hata siku ya malipo wakashangaa. Tuseme mkulima ameuza hivi:

Kilo 60 kwa shilingi 5,000: shilingi 300,000.
Kilo 90 kwa shilingi 4,000: shilingi 360,000.
Kilo 50 kwa shilingi 2,000: shilingi 100,000.
Jumla kilo 200, shilingi 760,000.

Gawanya 760,000 kwa 200, utapata shilingi 3,800 kwa kilo. Hiyo ndiyo bei yake ya kweli. Angalia kosa moja: mtu asijumlishe 5,000 na 4,000 na 2,000 kisha akagawanya kwa 3. Atapata 3,667 hivi, nayo si sawa, kwa sababu kilo za kila daraja hazikuwa sawa. Kwanza jumlisha fedha zote, kisha jumlisha kilo zote, ndipo ugawanye.

Wala kazi haijaisha. Tuseme mbegu, mbolea, dawa, kuni za kukaushia, na vibarua vimemgharimu shilingi 560,000. Gawanya kwa kilo 200: gharama ni shilingi 2,800 kwa kilo. Basi katika kila kilo iliyompa 3,800 amebakiwa na 1,000, na jumla yake ni shilingi 200,000. Ikiwa yeye na mkewe wametumia siku 100 za kazi, kila mmoja siku 50, basi siku moja ya kazi imewapa shilingi 2,000.

Tarakimu hizi ni za mfano, na kila mtu aweke zake. Lakini atakapoziweka, atakuwa na jambo ambalo hakuwa nalo kwanza: ataweza kulinganisha tumbaku na karanga, na karanga na mizinga ya nyuki, kwa kipimo kimoja, yaani siku ya kazi ya nyumba yake. Huenda zao lenye fedha nyingi kwa mara moja likawa ndilo lenye malipo madogo kwa siku; huenda ikawa kinyume. Hatuwezi kumwambia mtu alime nini. Daftari lake litamwambia.

Kadhalika katika sifa za kilimo. Mtu aliyevuna magunia 15 husifiwa kuliko aliyevuna 12. Lakini ikiwa wa kwanza alilima ekari 3, amepata magunia 5 kwa ekari. Na wa pili akiwa alilima ekari 2, amepata 6 kwa ekari. Wa kwenda kumwuliza jinsi alivyolima ni huyo wa pili.

DUKANI

Mwenye kuuza leo ni mwenye kununua kesho. Tuseme sukari ni shilingi 3,000 kwa kilo, na kifuko cha robo kilo ni shilingi 900. Vifuko 4 hufanya kilo moja, nayo ni shilingi 3,600. Anunuaye kwa robo hulipa shilingi 600 zaidi katika kila kilo. Vivyo hivyo mafuta ya kupima, sabuni ya kipande, na dawa ya mimea iliyofunguliwa.

Hatusemi kwamba mwenye kununua kidogo ni mjinga. Mara nyingi hana fedha ya kununua kingi, naye hana budi. Lakini jirani wanne wakichanga, kila mmoja robo ya fedha, waweza kununua kilo nzima na kuigawa penye mizani. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukimwaga pia.

MIPAKA YA HESABU HII

Yafaa pia kujua mahali ambapo hesabu ya kimoja haifai. Kwanza, ni lazima vitu viwe vya hali moja: mahindi makavu na mahindi mabichi hayana bei moja hata kama kilo ni sawa. Pili, si kila jambo huongezeka kwa kiasi kile kile. Sufuria moja ya maharage ikiiva kwa saa 2, masufuria matatu, kila moja juu ya mafiga yake, hayahitaji saa 6. Na mifuko miwili ya mbolea katika ekari moja haileti lazima mavuno mara mbili ya mfuko mmoja. Hesabu ni mtumishi mzuri, lakini akili ndiyo imtumayo.

USHAURI WETU

Kwa waalimu: watoeni watoto darasani siku ya soko. Wakaandike bei kumi, kila moja kwa kipimo chake, kisha warudi wazigeuze zote kuwa shilingi kwa kilo. Somo hilo halitasahauliwa, na wazazi wataliona lina maana.

Kwa wakubwa wa vijiji na viongozi wa vyama vya ushirika: wekeni ubao mahali pa kununulia mazao, na bei iandikwe kwa kilo. Mizani iwe mahali ambapo muuzaji mwenyewe aiona, nayo iwe imekaguliwa na kutiwa alama ya Wakala wa Vipimo. Ugomvi mwingi utakwisha kabla ya kuanza.

Kwa kila mwenye nyumba: uwe na daftari la safu tano. Ya kwanza tarehe, ya pili kitu, ya tatu kilo, ya nne fedha, na ya tano bei ya kimoja. Safu ya tano ndiyo yenye faida kuliko zote, na ndiyo ambayo watu huiacha tupu. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Watu 3 wamefyatua matofali 1,200 kwa siku 4. Mtu mmoja amefyatua mangapi kwa siku?

2. Mfuko wa mbolea wa kilo 50 ni shilingi 75,000. Dukani huuzwa kwa kupimwa shilingi 1,700 kwa kilo. Anunuaye mfuko mzima huokoa shilingi ngapi katika kila kilo?

3. Mnunuzi mmoja wa karanga hutoa shilingi 1,800 kwa kilo. Mwingine hutoa shilingi 20,400 kwa debe, na debe lake limepimwa likaonekana lina kilo 12. Yupi mwenye bei bora?

Majibu: (1) Matofali 100. (2) Shilingi 200. (3) Wa kwanza. Wa pili ametoa shilingi 1,700 tu kwa kilo.